Julai tano mfululizo: uchovu wa akili unavyowaandama wanasoka wa kike

Kati ya mwaka 2021 na 2025 haukupita mwezi wa Julai hata mmoja ambao timu ya taifa ya wanawake ya Zambia, Copper Queens, ilikuwa mapumzikoni. Julai 2021 ilikuwa Japani kwenye Michezo ya Olimpiki ya Tokyo. Julai 2022 ilikuwa Morocco ikiwania Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake, WAFCON, na kumaliza katika nafasi ya 3. Julai 2023 ilikuwa New Zealand kwenye Kombe la Dunia. Julai 2024 ilikuwa Ufaransa kwenye Olimpiki ya Paris. Julai 2025 ilirejea Morocco kwa WAFCON nyingine.

Ni timu chache duniani zilizopitia ratiba ya namna hiyo. Hata Uhispania, bingwa wa dunia wa mwaka 2023, katika kipindi hicho hicho ilicheza mashindano makubwa manne ya kiangazi: Euro 2022, Kombe la Dunia 2023, Olimpiki 2024 na Euro 2025. Kwa shabiki wa Lusaka au Ndola, Julai tano za namna hiyo ni fahari ya taifa ambayo kizazi kilichotangulia hakikuwahi kuiota.

Kwa mchezaji, hesabu ni nyingine. Katikati ya mwaka ndipo ligi nyingi za Ulaya hufunga milango, na mwaka 2025 hata ligi kuu ya wanawake ya Marekani, NWSL, ilisimamisha mechi zake kwa zaidi ya mwezi mmoja. Wenzao walipofungasha virago kwenda likizo, nyota wa timu za taifa walifungasha virago kwenda kambini. Mwili wa mwanamichezo aliyefunzwa vyema unaweza kustahimili hilo kwa muda. Swali ambalo madaktari, makocha na vyama vya wachezaji wanazidi kujiuliza ni iwapo akili nayo inaweza.

Mchezaji aliyesema hapana

Mapema Juni 2025, muda mfupi kabla ya England kutangaza kikosi cha Euro iliyofanyika Uswisi, beki Millie Bright alieleza kwamba hatakuwamo. Bright si mchezaji wa pembeni. Ndiye aliyeiongoza England kama nahodha katika fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2023, na wakati anatoa tamko hilo alikuwa ametoka kuiongoza Chelsea kutwaa mataji yote matatu ya ndani ya nchi, huku ikimaliza ligi bila kupoteza mechi hata moja.

Sababu aliyoitoa ndiyo iliyowashangaza wengi. Alisema hawezi kujitoa kikamilifu, kiakili wala kimwili, na kwamba ingawa kiburi chake kilimsukuma aende, wachezaji wenzake walistahili mtu aliye timamu zaidi. Oktoba mwaka huo alistaafu kuichezea timu ya taifa.

Katika mashindano hayo hayo, mchezaji mwenzake wa Chelsea, Lucy Bronze, alifichua baada ya fainali kwamba alikuwa amecheza michuano yote akiwa na ufa katika mfupa wa muundi wa mguu. England ilitwaa ubingwa kwa mikwaju ya penalti dhidi ya Uhispania, na ujasiri wa Bronze ukawa simulizi ya wiki nzima.

Visa hivyo viwili vikiwekwa pamoja vinaonyesha jinsi soka linavyopima mateso. Mfupa uliopasuka huonekana kwenye picha ya eksirei, na anayecheza nao huitwa shujaa. Akili iliyochoka haina picha. Anayekiri kwamba imechoka hulazimika kujieleza, na wapo watakaomwona dhaifu hata baada ya kujieleza.

Uchovu wa akili ni nini hasa?

Wanasayansi wa michezo hulitumia neno hili kwa maana mahususi. Uchovu wa akili ni hali inayomjia mtu baada ya kutumia akili kwa muda mrefu katika shughuli inayohitaji umakini mkubwa. Mtu huhisi amechoka na kukosa ari, na kila jambo huonekana gumu kuliko lilivyo.

Si sawa na sonona, ambayo ni ugonjwa unaohitaji tiba. Pia si sawa na hali ya mtu kuishiwa kabisa na kuichukia kazi yake, ingawa uchovu wa akili usiposhughulikiwa kwa miezi mingi unaweza kuwa mojawapo ya njia za kufika huko. Kwa kawaida huondoka mtu akipumzika. Tatizo la soka la kisasa ni kwamba mapumziko yenyewe ndiyo yaliyoadimika.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 na kundi la mwanasayansi Samuele Marcora ndio uliofungua macho ya wengi. Watu 16 waliendesha baiskeli ya maabara kwa kasi ngumu hadi waliposhindwa kuendelea. Mara moja walifanya hivyo baada ya dakika 90 za zoezi la kompyuta linalohitaji umakini usiokatika. Mara nyingine walifanya hivyo baada ya kutazama filamu za kawaida kwa muda huo huo. Akili zao zilipokuwa zimechoka, walidumu kwa wastani wa sekunde 640 badala ya 754, yaani karibu dakika mbili pungufu.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba moyo na misuli havikuonyesha tofauti iliyoweza kueleza upungufu huo. Kilichobadilika ni hisia ya ugumu: kazi ile ile iliwaelemea zaidi, nao wakakata tamaa mapema. Dhana mojawapo inayochunguzwa ni kwamba kazi ndefu ya kufikiri huongeza kwenye ubongo kemikali iitwayo adenosini, ambayo pia huchangia usingizi, na hivyo ubongo huanza kuuona kila mzigo kuwa mzito.

Mwaka 2016 watafiti wengine walilipeleka swali hilo kwenye soka. Wachezaji walifanya kwa dakika 30 jaribio la kutaja rangi ya wino wa neno lililoandikwa kwa jina la rangi nyingine, kwa mfano neno "kijani" lililochapwa kwa wino mwekundu. Baada ya hapo walikimbia umbali mfupi kuliko kawaida yao, na pasi na mashuti yao yakapungua usahihi. Nusu saa ya kufikiri kwa bidii, bila kugusa mpira, ilitosha kuwadhoofisha.

Dalili zake uwanjani

Soka ni mchezo wa kuamua. Kabla ya kupokea mpira, kiungo mzuri huwa amekwisha kutazama bega la kushoto na la kulia mara kadhaa, akahesabu wapinzani na kuchagua pasi. Akili ikichoka, kutazama huko hupungua. Macho huufuata mpira peke yake, na mchezaji huliona pengo likiwa limekwisha kufungwa.

Kocha makini ataona pasi ya kawaida inayokosewa na mtu ambaye hakosei. Ataona beki anayechelewa hatua moja, si kwa sababu ya miguu bali kwa sababu uamuzi umechelewa. Nje ya uwanja ataona hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu na mazoezi yanayofanywa kama adhabu. Dalili mbaya kuliko zote huwa ya mwisho kuonekana, nayo ni mchezaji kupoteza furaha ya kucheza.

Je, uchovu huo huleta majeraha? Hapa tahadhari inahitajika. Desemba 2022 mshambuliaji wa Uholanzi, Vivianne Miedema, aliumia kano ya mbele ya goti, inayofahamika kwa kifupi kama ACL, akiichezea Arsenal dhidi ya Lyon. Mwezi mmoja kabla, klabu hiyo ilikuwa imempa likizo ya katikati ya msimu ili apumzike na kujipanga upya. Si haki kusema kwamba jambo moja lilizaa jingine, kwani jeraha la goti huwa na visababishi vingi. Hata hivyo kisa hicho kinaonyesha kwamba klabu kubwa ilikwisha kutambua kuwa mfungaji wake bora alihitaji kutoka uwanjani, na kwamba mapumziko ya wiki chache huja yakiwa yamechelewa yanapofuata misimu kadhaa isiyo na likizo ya kweli.

Mzigo usioonekana kwenye ratiba

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wahenga. Anayehesabu mechi za wanawake na kuzilinganisha na zile za wanaume anaweza kuhitimisha kwamba wanawake hawana sababu ya kulalamika, kwa kuwa mara nyingi mechi zao ni chache. Hesabu hiyo inakosea, kwa sababu sehemu kubwa ya kinachochosha akili ya mwanasoka wa kike hakimo ndani ya dakika 90.

Mzigo wa kwanza ni safari. Nahodha wa Zambia, Barbra Banda, alihamia Orlando Pride ya Marekani mwaka 2024. Katikati ya mwaka, Lusaka iko mbele ya Orlando kwa saa 6. Mshambuliaji wa Malawi, Temwa Chawinga, aliyekuwa mfungaji bora na mchezaji bora wa NWSL mwaka 2024, anachezea Kansas City, ambako tofauti na nyumbani ni saa 7. Kanuni inayotumiwa na madaktari wa safari ni kwamba saa ya mwili huhitaji takriban siku moja kwa kila saa moja ya tofauti ili kuzoea. Dirisha la mechi za kimataifa huchukua takriban siku 10. Maana yake ni kwamba mchezaji anapoanza kulala usingizi wa kawaida nyumbani, ndege ya kurudi inamsubiri.

Pamoja na usingizi kuna wasiwasi wa hati. Aprili 2025, Shirikisho la Soka la Zambia liliwaacha wachezaji wake wanne wanaocheza Marekani, Banda na Racheal Kundananji wakiwamo, katika safari ya China kutokana na hatua mpya za usafiri zilizowekwa Marekani. Mchezaji wa Ulaya anayekwenda kambini hufikiria mpinzani. Mchezaji wa Afrika hufikiria pia iwapo ataruhusiwa kurejea kazini.

Mzigo wa pili ni fedha. Baada ya Kombe la Dunia la 2023, muungano wa kimataifa wa vyama vya wachezaji wa kulipwa, FIFPRO, uliwahoji wachezaji 260 kutoka timu 26 kati ya 32 zilizoshiriki. Mchezaji mmoja kati ya watatu alikuwa akipata chini ya dola 30,000 kwa mwaka kutokana na soka, na mmoja kati ya watano alikuwa na kazi nyingine ya kujikimu. Hao si wachezaji wa ligi za mitaani. Ni watu waliocheza Kombe la Dunia.

Barani Afrika, kudai malipo kumegeuka karibu sehemu ya maandalizi. Wachezaji wa Nigeria waligoma kuondoka hotelini Abuja mwaka 2016, wakiwa mabingwa wa Afrika, na wakafanya hivyo tena Ufaransa kwenye Kombe la Dunia la 2019. Mwaka 2022 waligomea mazoezi kabla ya mechi ya kuwania nafasi ya 3 ya WAFCON dhidi ya Zambia. Julai 2023, siku chache kabla ya Kombe la Dunia, kikosi cha Afrika Kusini kilikataa kucheza mechi ya kirafiki dhidi ya Botswana kwa sababu ya mkataba wa malipo na ubora wa uwanja, na shirikisho likakusanya timu ya dharura iliyofungwa mabao 5-0.

Mara nyingi migogoro hiyo huandikwa kama habari za fedha. Ni habari za akili pia. Kila kikao cha usiku na viongozi, kila rasimu ya mkataba na kila hofu ya kuachwa nje ya kikosi kwa sababu ya kusema hutumia umakini ule ule ambao ungetumika kusoma mbinu za mpinzani.

Uhispania inatoa ushahidi ulioandikwa. Septemba 2022 wachezaji 15 waliliandikia shirikisho lao barua pepe wakieleza kwamba hali ndani ya timu ya taifa inaathiri kwa kiasi kikubwa hisia zao na afya zao, na kwamba hawataitikia wito hadi ibadilike. Shirikisho lilijibu kwa ukali, na baadhi yao hawakwenda kwenye Kombe la Dunia ambalo nchi yao ilitwaa. Hata ushindi huo haukuwapumzisha waliokwenda. Rais wa shirikisho, Luis Rubiales, alimbusu mchezaji Jenni Hermoso mdomoni jukwaani bila ridhaa yake, na kesi iliyofuata ilidumu hadi Februari 2025, mahakama ilipomtia hatiani kwa udhalilishaji wa kingono na kumtoza faini ya euro 10,800. Kwa mwaka mmoja na nusu baada ya fainali, mabingwa wa dunia walikuwa wakitoa ushahidi na kujibu maswali yasiyohusu mpira.

Mzigo wa tatu ni matusi. Uchunguzi wa FIFA wa mitandao ya kijamii wakati wa Kombe la Dunia la 2023 ulibaini kwamba mchezaji mmoja kati ya watano alitumiwa ujumbe wa kibaguzi, wa matusi au wa vitisho. Uwezekano wa mchezaji kulengwa ulikuwa mkubwa kwa asilimia 29 kuliko katika Kombe la Dunia la wanaume la 2022. Beki wa England, Jess Carter, alilazimika kujiondoa mitandaoni katikati ya Euro 2025 kwa sababu ya ubaguzi wa rangi.

Banda anaujua mzigo huo kuliko wengi. Mwaka 2022 aliondolewa kwenye kikosi cha WAFCON kwa sababu ya masharti ya vipimo vya jinsia, na jambo la faragha la mwili wake likageuzwa mjadala wa dunia. Novemba 2024 alifunga bao pekee la fainali ya NWSL, na siku chache baadaye akatangazwa Mwanasoka Bora wa Kike wa BBC. Tuzo hiyo ilifuatiwa na wimbi la kashfa mitandaoni. Machi 2025 alitukanwa na mtazamaji uwanjani katika mechi dhidi ya Gotham FC, na ligi ikalaani kitendo hicho. Mtu anayeamka na ushindi na kulala na matusi hawezi kusemwa kwamba amepumzika kwa sababu tu siku hiyo hakufanya mazoezi.

Wachache wanacheza mno, wengi kidogo mno

Si wanasoka wote wa kike wanaochezeshwa kupita kiasi. FIFPRO imekuwa ikionya kwa miaka kadhaa kwamba soka la wanawake lina sura mbili. Kundi dogo la nyota wa klabu kubwa hucheza bila kituo. Kundi kubwa zaidi hukaa wiki nyingi bila mechi ya ushindani, kisha hutupwa ghafla kwenye mashindano makali.

Sura hiyo ya pili inawahusu sana majirani wa ukanda huu. Twiga Stars ya Tanzania ilirejea WAFCON Julai 2025 kwa mara ya kwanza tangu 2010. Ilifungwa na Mali bao 1-0, ikatoka sare ya 1-1 na Afrika Kusini iliyokuwa bingwa mtetezi, kisha ikafungwa na Ghana mabao 4-1. Mchezaji aliyezoea mwendo wa ligi ya ndani na akakutana na mechi tatu za kiwango hicho ndani ya siku chache hulazimika kufikiri haraka kuliko alivyozoea, kwa muda mrefu kuliko alivyozoea. Akili huchoka kwa kuzidiwa na jambo geni kama inavyochoka kwa kurudia lile lile bila kikomo.

Kwa hiyo dawa haiwezi kuwa moja. Nyota wa Orlando au Barcelona anahitaji kupunguziwa. Mchezaji wa ligi changa anahitaji kuongezewa mechi nzuri zilizopangwa kwa nafasi, ili mashindano makubwa yasimpate kama mafuriko.

Sayansi iliyoandikwa kwa wanaume

Kuna kikwazo kingine kisichojadiliwa sana. Jaribio la soka la mwaka 2016 lililotajwa hapo juu lilifanywa kwa wachezaji wa kiume, na halikuwa peke yake. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021, uliopitia tafiti zaidi ya 5,000 za sayansi ya michezo, ulibaini kwamba wanawake walikuwa takriban asilimia 34 ya washiriki, na kwamba ni asilimia 6 tu ya tafiti zilizohusu wanawake peke yao.

Maana yake ni kwamba kocha wa timu ya wanawake anayetaka kujua ni saa ngapi za mapumziko zinatosha, au mzunguko wa hedhi, ujauzito na malezi vinaathiri vipi umakini, mara nyingi hupewa jibu lililopimwa kwa mwili wa mtu mwingine.

Nini kinafanyika?

Hatua zipo, ingawa nyingine zinavutana. FIFA imepunguza madirisha ya mechi za kimataifa za wanawake kutoka 6 hadi 5 kwa mwaka katika kalenda ya 2026 hadi 2029, kwa lengo la kupunguza safari. Tangu 2021 kanuni zake zinampa mchezaji likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14 yenye malipo ya angalau theluthi mbili ya mshahara, na mwaka 2024 zilipanuliwa kuwagusa pia wanaoasili watoto.

Wakati huo huo mashindano yanaongezeka. Kombe la Dunia lilipanda kutoka timu 24 hadi 32 mwaka 2023, na litakuwa na timu 48 mwaka 2031. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya kwa wanawake ilipanuliwa msimu wa 2025/26, na Kombe la Dunia la Klabu kwa wanawake limepangwa kufanyika Januari 2028. Kinachotolewa kwa mkono mmoja kwenye kalenda huweza kurudishwa kwa mkono wa pili.

Mvutano mkubwa ni kuhusu likizo. Wataalamu walioshirikishwa na FIFPRO wamependekeza angalau siku 28 za mapumziko kila mwisho wa msimu. Julai 2025 FIFA ilitaja siku 21. Hali halisi iko mbali na takwimu zote mbili: katika utafiti wa baada ya Kombe la Dunia la 2023, asilimia 86 ya wachezaji walisema walipata chini ya wiki mbili za kupumzika kabla ya kurejea klabuni. Asilimia 60 walisema hawakuwa na msaada wa kutosha wa afya ya akili wakati wa mashindano.

Ambacho hakihitaji bajeti kubwa

Klabu za ukanda huu zinaweza kusema kwamba mwanasaikolojia wa michezo ni anasa. Baadhi ya yanayosaidia, hata hivyo, hugharimu kidogo au hayagharimu kitu.

La kwanza ni kupima. Chombo kinachotumiwa hata kwenye maabara ni mstari wa sentimita 10 kwenye karatasi, upande mmoja ukimaanisha "sijachoka kabisa kiakili" na mwingine "nimechoka kupita kiasi". Mchezaji huweka alama kila asubuhi. Baada ya wiki tatu kocha huona mwelekeo wa kila mmoja, nao humwambia mengi kuliko swali la "uko sawa?" linaloulizwa mbele ya wenzake wote. Sharti ni moja: alama hiyo isitumiwe kumwadhibu aliyesema kweli.

La pili ni kupunguza kinachoweza kupunguzwa siku ya mechi. Vikao virefu vya video saa chache kabla ya mchezo hutumia umakini ule ule unaotakiwa uwanjani. Tafiti zilizofanywa Brazil kwa wanasoka zimeonyesha kwamba nusu saa ya kuperuzi mitandao ya kijamii kwenye simu inatosha kudhoofisha maamuzi ya mchezaji. Katika kambi nyingi simu huzimwa usiku kwa ajili ya nidhamu. Sababu bora zaidi ni kwamba akili inahitaji nafasi.

La tatu ni kuimaliza mijadala ya fedha kabla ya kambi. Mkataba wa posho uliosainiwa mwezi mmoja kabla ya mashindano humwondolea mchezaji mzigo mzito kuliko hotuba yoyote ya kutia moyo. Shirikisho linalochelewesha malipo hadi usiku wa kuamkia mechi linaidhoofisha timu yake lenyewe.

La nne ni likizo ya kweli. Mchezaji anayepewa wiki mbili pamoja na programu ya mazoezi ya kila siku, ujumbe wa kocha kila asubuhi na mwito wa wafadhili kila jioni hajapewa likizo. Amebadilishiwa kituo cha kazi.

Hakuna kati ya hayo kinachohitaji kuigawa jamii kati ya wachezaji jasiri na wachezaji dhaifu. Agosti 2025, wiki chache baada ya Zambia kufungwa na Nigeria mabao 5-0 katika robo fainali ya WAFCON, Barbra Banda aliumia misuli ya nyonga na paja, na msimu wake ukaishia hapo. Jeraha hilo lilikuwa na jina, picha na muda wa matibabu, na hakuna aliyemtaka acheze nalo. Mashirikisho sasa yanatakiwa kumtendea vivyo hivyo mchezaji anayesema kwamba kilichochoka ni akili: yamsikilize, yampe muda, na Julai inayofuata yamwache alale nyumbani ikiwa ndicho anachohitaji.